Tulivyozoea Giza

Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipopamba moto Dar es Salaam, kibanda changu cha kutengeneza jenereta pale Gerezani kilikuwa kinajaa watu tangu asubuhi. Siku moja akaingia mama mmoja muuza samaki kutoka Buguruni. Alikuja na bodaboda, jenereta yake ndogo imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaiitikia nusu nusu, hasira imemkaba.

"Fundi, jana wamekata masaa manne. Manne! Samaki wangu wote wameanza kulegea. Hivi hawa watu wanatuchukuliaje?"

Nikafungua kabureta huku anasema. Wateja wengine wakadakia. Huyu akamtaja mbunge, yule akamtaja waziri, na kijana mmoja akasema ameipigia huduma kwa wateja ya shirika mara sita tangu jana na namba ya malalamiko amepewa, hii hapa kwenye simu. Kila mtu pale ndani alikuwa na hakika kwamba kuna mtu fulani, mahali fulani, anayepaswa kujibu.

Mimi nilikuwa nimeinamia kabureta, nikijisikia ajabu. Masaa manne? Kwetu Aba, Naijeria, masaa manne ya giza hayana hata jina. Tulikuwa tunahesabu kinyume, masaa ambayo umeme upo, na yakifika manne mfululizo watu wanapigiana simu kupeana taarifa. Nikawaona wateja wangu kama watu waliodekezwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba wao ndio walikuwa sahihi.

Mimi ni Mnaijeria, Muigbo wa Aba, Jimbo la Abia. Nilikuja Tanzania 2014 na kampuni moja ndogo iliyopata kazi za umeme wakati kiwanda cha saruji cha Dangote kinajengwa Mtwara. Kiswahili nilikiokota kwa mafundi wa Kimakonde, saa za kazi na saa za kahawa. Mkataba ulipoisha wenzangu wakapanda ndege, mimi nikabaki, maana nilikuwa nimeshaoa Masasi. Sasa tunaishi Tabata, tuna binti wa miaka tisa, na mtaani naitwa Mpopo kama wanavyoitwa Wanaijeria wote. Sina kinyongo na jina hilo. Wanaonijua wananiita Fundi.

Kule Mtwara jioni moja mzee mmoja aliniuliza kabila langu. Nilipomjibu, akaweka kikombe chini. "Kumbe wewe ni wa Biafra! Mwalimu aliwatambua nyinyi." Ni kweli. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, dola tuliyojitangazia Waigbo tulipojitenga na Naijeria na kuingia vitani, wakati watoto wetu wanakufa kwa njaa. Mama yangu alikuwa mmoja wa watoto wale, akatoka hai. Mimi nilikua nikisikia vita ile ikitajwa kwa sauti ya chini, na shuleni tuliipita haraka kama mtu anayepita makaburini usiku. Nikaja kuisikia ikitajwa waziwazi na mzee wa Kimakonde kwenye benchi la kahawa, kilomita maelfu kutoka kwetu. Usiku ule nilimpigia mama, nikamwambia huku wanatukumbuka. Alinyamaza muda mrefu.

Naileta habari ya vita kwa sababu tabia ninayotaka kuisema ilianzia huko. Vita ilipokwisha Januari 1970, Muigbo aliyekuwa na fedha benki, hata kama zilikuwa nyingi kiasi gani, alirudishiwa pauni 20. Nyumba zimeungua, biashara zimekwisha, na serikali iliyoshinda haina haraka na sisi. Basi watu wetu wakajijenga wenyewe. Vyama vya vijiji vikachanga fedha za shule, za zahanati, za kuchonga barabara. Kijana alipelekwa kwa bwana mwenye biashara, akamtumikia miaka mitano, sita, saba, kisha bwana akampa mtaji afungue duka lake. Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Nilimtumikia fundi wa jenereta miaka sita pale Aba, nikafagia duka lake na kubeba watoto wake, na siku ya kunifungua akanipa sanduku la spana na fedha ya kuanzia. Mkate wangu hadi leo umetoka kwenye sanduku lile.

Kwa hiyo siyadharau mambo hayo. Ni fahari yetu. Ila fahari hiyo ilipoenea nchi nzima, kila mtu kwa namna yake, ikageuka kitu kingine. Kila nyumba Naijeria yenye uwezo imekuwa serikali yake yenyewe. Ina kisima chake, ina jenereta yake, ina mlinzi wake getini, na mvua ikiharibu njia majirani wanachangishana kifusi. Mwenye uwezo zaidi ananunua jenereta kubwa zaidi na haisikii tena shida. Huyo ndiye aliyekuwa na simu ya kumpigia mkubwa, na sasa hana sababu ya kuipiga. Wanaobaki gizani ni wale ambao hakuna mkubwa anayepokea simu zao.

Nikiwa mdogo shirika la umeme liliitwa NEPA. Watu walikuwa wamezitungia herufi zile maana yao, kwamba usitegemee umeme kila wakati. Mwaka 2005 jina likabadilishwa, mwaka 2013 usambazaji ukauzwa kwa kampuni binafsi, lakini hadi leo umeme ukirudi watoto wanapiga kelele wakitaja NEPA, kama watoto wa Tabata wanavyopiga kelele umeme ukirudi wakati wa taarabu ya jirani. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 200 imekaa miaka ikihangaika kuvuka megawati 5,000 kwenye gridi. Oktoba 2024 gridi ilianguka mara tatu ndani ya wiki moja. Mafundi wa jenereta ndio tuliojaza pengo, na tuna mashine tunayoijua kuliko zote: ile ndogo ya kubebeka kwa mkono mmoja, ya kuchanganya oili na petroli, ambayo Naijeria nzima imeipa jina la utani lenye maana ya "mimi afadhali kuliko jirani". Inawasha taa tatu, feni na televisheni. Kamba yake ya kuwashia ukiivuta vibaya inakurudi na kukupiga vidole.

Jina lile tulikuwa tunalifurahia. Siku hizi nikilifikiria linaniuma.

Mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi, bwana wangu aliitwa asubuhi na mapema nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na waliolala humo hawaitiki. Alinichukua mimi nibebe mtaimbo. Tulipovunja mlango, jenereta ndogo ilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa chumba. Waliiingiza ndani usiku kwa kuogopa wezi. Ilikuwa imezima yenyewe, tenki limekauka. Baba, mama na watoto wawili walikuwa wamelala walivyolala jana yake, shuka limewafika kifuani. Moshi haukuwa na harufu tena. Nakumbuka swichi ya feni ukutani ilikuwa bado iko chini, imewashwa, na feni imesimama. Bwana wangu aliinua mkono akaizima, halafu akakaa chini sakafuni.

Mtaa mzima ulijaa. Na kila mtu alisema neno moja: wangeiweka nje. Kwa nini hawakuiweka nje? Mbona kila mtu anajua lazima iwekwe nje? Siku tatu za msiba nilizisikia lawama zile, zote zikiwaangukia maiti. Hakuna aliyeuliza kwa nini familia ya mtu mwenye kazi, katika nchi inayouza mafuta dunia nzima, ilazimike kulala na injini ya petroli ili feni izunguke. Hata mimi sikuuliza. Niliposikia mama wa Buguruni akifoka kwa sababu ya masaa manne, ndipo nyumba ile ikanirudia, miaka ishirini baadaye, nikashindwa kuendelea na kazi. Nilimwambia mke wangu jioni ile kwamba sisi hatukuwa wavumilivu. Tulikuwa tumezoea, na mazoea yalikuwa yanatuua tukiwa usingizini.

Sisemi Tanzania ni pepo. Nimeona mengi hapa na mengine sitayaandika. Nasema tu kwamba hasira ya yule mama ilikuwa na afya ndani yake. Ilijua kitu kimevunjika.

Na Aba, kati ya miji yote, haikuwa mji wa watu wa kunyamaza. Mwaka 1929 wakoloni wa Kiingereza, baada ya kuwatoza wanaume kodi, walianza kuhesabu watu na mifugo nyumba kwa nyumba. Pale Oloko, katika eneo hilohilo letu la Waigbo, mjane mmoja aliyeitwa Nwanyeruwa aliulizwa ana watu wangapi na mbuzi wangapi, naye akajibu kwa kumuuliza yule karani kama mama yake aliwahi kuhesabiwa. Habari ikakimbia sokoni. Maelfu ya wanawake wakaamka, wakaenda kwenye nyumba za machifu waliowekwa na wakoloni, wakaimba na kucheza usiku kucha wakidai warudishe kofia za uchifu. Zaidi ya wanawake 50 walipigwa risasi wakafa. Lakini mfumo ule wa machifu wa kupachikwa ukavunjwa. Bibi mzaa baba yangu alikuwa msichana wakati huo, na alitusimulia akiwa amesimama, hakuweza kuisimulia akiwa amekaa.

Sasa njoo kwenye miaka ya karibuni. Kabla ya uchaguzi wa Februari 2023 Benki Kuu ya Naijeria iliamua kubadilisha noti, za zamani zikusanywe, mpya zitoke. Za zamani zilikusanywa. Mpya hazikuonekana. Nilimpigia dada yangu nikamwambia nakutumia hela. Akaniuliza, "Ukinitumia, nitazitoa wapi?" Watu walikuwa wanalala nje ya benki. Wakala akikupa naira elfu kumi anakata elfu mbili. Mahakama ya Juu ilikuja kuamua Machi 3 kwamba noti za zamani ziendelee kutumika, uchaguzi umeshapita. Kisha tarehe 29 Mei, siku ya kuapishwa, Rais Tinubu akatangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Petroli iliyokuwa chini ya naira 200 kwa lita ikavuka 480 ndani ya siku chache, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imevuka 1,000. Wiki mbili tu baada ya kuapishwa, thamani ya naira ikaachiwa soko liiamue. Dola iliyokuwa kama naira 460 ikafika 1,500 mwanzoni mwa 2024. Wapo wachumi wanaosema ruzuku ile ilikuwa ikiwanufaisha wenye magari na wauza mafuta ya magendo kuliko maskini, na naamini kuna ukweli. Ila mama yangu ananunua petroli kwa kipimo cha chupa ya soda, na kwake huo ukweli ulifika kama usiku mrefu zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo jambo linalonifanya niandike.

Juni 2024 vijana wa Kenya walitoka barabarani kupinga muswada wa fedha. Tarehe 25 wakaingia bungeni Nairobi, wengine wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Mimi niliangalia yote kwenye simu kibandani, moto umenishika. Vijana wa Naijeria nao wakatangaza maandamano ya siku kumi kuanzia Agosti 1. Nikampigia dada yangu kila siku. Kano wametoka, Abuja wametoka, mbona Aba kimya? Nikamtajia wanawake wa 1929. Nilimwambia maneno ambayo sasa nayaonea haya, kwamba mmekuwa waoga, mmezoea, nyinyi ndio mnaowalea hawa viongozi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Kaka, leo siku gani?"

Nikamwambia Jumatatu.

"Basi mimi niko ndani. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Juni 2021 kiongozi wa kundi linalodai Biafra, Nnamdi Kanu, alikamatwa Nairobi akarudishwa Naijeria. Kundi lake likatangaza kuanzia Agosti mwaka ule kwamba kila Jumatatu kusini mashariki pafungwe hadi aachiwe. Baadaye wenyewe wakasema wameifuta amri hiyo, lakini watu wenye bunduki, ambao hakuna anayejua kwa hakika wametumwa na nani, wakaendelea kuitekeleza. Duka likifunguliwa lilichomwa. Basi likipita lilisimamishwa. Kwa hiyo soko la Ariaria, ambako viatu vyetu vinashonwa na kusafirishwa Afrika Magharibi yote, lilikuwa linalala siku moja katika kila wiki. Shule nazo. Mpwa wangu alimaliza miaka ya mwisho ya sekondari bila Jumatatu ya shule.

Dada yangu akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nikitoka leo, hawa wa porini wananipiga risasi kwa kutoka. Nikitoka kesho na bango, wale wa serikali wananipiga kwa sababu Muigbo akiandamana haitwi mwananchi, anaitwa muasi. Wewe uko Dar, umekula, umeme unao. Njoo uandamane, mimi nitakushikia bango." Akakata.

Niliweka simu juu ya meza ya kazi. Kijana wangu wa kazi akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Ilibidi nimwombe radhi, na sikutuma ujumbe wa simu. Nilimwandikia barua ya mkono, nikampa Muigbo mwenzetu aliyekuwa anarudi. Mtu aliye mbali anaiona nchi yake yote kwa mara moja, kama ramani, na ni rahisi kusema hapa pitieni, pale msipite. Aliye nyumbani anaijua kwa hatua: kona hii ina kizuizi, benki ile imefungwa, huyu jirani mtoto wake amejiunga na wale. Nilichokiita mazoea kwa dada yangu kilikuwa hesabu, na alikuwa anaipiga kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Mazoea ya kweli nilikuwa nayo mimi, niliyekaa kibandani nikishangaa kwamba mtu anaweza kukasirikia giza la masaa manne. Novemba ile, watoto waliokamatwa katika maandamano ya Agosti kaskazini walifikishwa mahakamani Abuja, baadhi yao wakaanguka mbele ya jaji kwa udhaifu na njaa. Siku ile sikumpigia dada kumuuliza Aba wanasemaje. Nilimuuliza wamekula nini.

Desemba 2024 tulikwenda nyumbani, mimi, mke wangu na binti yetu. Desemba ni mwezi wa Waigbo kurudi, ndege na mabasi hujaa, vijiji vinang'aa. Aba kulikuwa na jambo jipya. Mwezi wa pili mwaka ule kituo cha umeme cha megawati 188 kilizinduliwa Osisioma, pembeni kidogo ya mji, baada ya karibu miaka ishirini ya mradi kukwama katika ugomvi wa mikataba. Mji ulikuwa umejitenga na gridi inayoangukaanguka. Bei ilikuwa juu na watu walilalamika, na mitaa mingine ilipata kuliko mingine, lakini kwa mama umeme ulikuwepo masaa mengi kuliko nilivyowahi kuuona maishani mwangu.

Mama hakuuamini. Jenereta yake ilikuwa imefunikwa turubai kwenye kibaraza, na kila jioni aliifunua, akaitikisa kusikia petroli ndani, akaifunika tena. Alijaza ndoo zote maji kabla ya kulala. Simu yake aliichaji ikiwa na asilimia tisini. Nilimwambia, "Nne", yaani mama kwa Kiigbo, "pumzika." Akanijibu kwamba mkono wake hauwezi kulala kabla yake.

Siku ya nne, kama saa moja jioni, umeme ukakatika. Hakuna aliyesema kitu. Dada yangu alinyoosha mkono gizani na tochi ikawa imeshawaka, mama alikuwa tayari ameinuka kuelekea kwenye turubai, mimi nimeinuka kumsaidia kuvuta kamba. Sote watatu tulitembea kama watu wa kwaya moja. Aliyebaki amekaa ni binti yangu, na mama yake pembeni.

"Baba," akasema, "tunampigia nani simu?"

Mama aliuliza mtoto anasema nini. Nikasimama pale na mkono kwenye turubai, nikamtafsiria kwa Kiigbo. Anauliza tunampigia nani simu kuwaambia umeme umekatika.

Dada yangu akanigeuzia tochi usoni. Mama alinitazama, akamtazama mjukuu wake, halafu akarudi ndani polepole. Tulimsikia akifungua droo ya kabati la vyombo na kupekua karatasi. Akatoka na bili ya umeme ya mwezi uliopita imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti, akavaa miwani yake. Chini kabisa kulikuwa na namba ndogo ndogo. Dada akasogeza tochi. Mama akaanza kuisoma kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, kidole chake kikitembea chini ya kila moja, na binti yangu akawa anabonyeza.